Mbao ngumu hapa Nairobi: nipate wapi zilizokauka, na nitajuaje ni mti gani hasa?

RandaKahawa:

Hamjambo wadau. Nina karakana ndogo Kahawa West, chumba kimoja na kibaraza cha mabati. Hadi sasa kazi yangu imekuwa saipresi: vitanda, rafu za vitabu, stuli. Sasa nimepata mteja wa Ruiru, mwalimu mstaafu, anayetaka meza ya kulia ya watu sita pamoja na mabenchi mawili. Saipresi hataki kuisikia. Anataka mti mgumu wa hapa kwetu, meza ambayo wajukuu wake watairithi. Uso wa meza ni futi sita kwa tatu, unene inchi moja na nusu baada ya kupiga randa.

Juzi nilizunguka Gikomba upande wa mbao. Karibu kila yadi, ubao ukiwa mwekundu basi ni "mahogany". Huyu anasema ni ya Congo, yule anasema ni ya Uganda, na bei zao haziko hata karibu. Ubao mmoja nilipoushika ulikuwa na ubaridi wa maji, na mwenyewe akaapa kwamba umekaa yadi mwaka mzima. Niliondoka bila kununua kitu.

Naomba mwenye ujuzi anieleze wapi hapa Nairobi au karibu naweza kupata mbao ngumu ya kweli, nitaitambuaje, na nitajuaje imekauka kabla sijatoa pesa. Kipima unyevu sina. Halafu kuna jambo jingine linalonisumbua: sitaki kununua mti ulioibwa msituni. Mteja ameniuliza hilo waziwazi na nataka nimjibu kwa uhakika.

Fundi wa Ngong Road:

Binti yangu, pole kwa mzunguko. Ulifanya vizuri kuondoka.

Mimi kazi yangu iko kando ya Ngong Road, huku kwenye mabanda ya fanicha, na mbao nimenunua Gikomba, Industrial Area na hata kwenye malori yenyewe. Nakueleza ninavyofanya mimi.

Ukifika yadi, usitaje mahogany. Ukiitaja wewe, umeshamwambia akuuzie rangi. Uliza, "Huu ni mti gani, na umetoka wapi?" kisha nyamaza umsikilize. Anayejua mali yake atakwambia hii ni sapele, hii ni mvule, hii ni mkangazi, na ni lori la Busia au la Malaba. Mbao nyingi nyekundu zinazofika Nairobi hupita hiyo mipaka miwili, kutoka Uganda yenyewe na kutoka Congo kwa kupitia Uganda. Asiyejua atarudia "mahogany, mahogany" tu.

Kisha toa randa yako ndogo mfukoni. Nasema kweli, tembea nayo. Omba ruhusa upige kona moja ya ubao, mahali pa ukubwa wa kiganja. Mkaratusi uliopakwa rangi utajionyesha hapo hapo, maana rangi haiingii ndani. Sapele ikishapigwa randa huonyesha milia, na ukiugeuza ubao kwenye mwanga, mlia uliokuwa mweusi unang'aa na uliokuwa unang'aa unafifia, kwa sababu nyuzi zake zimelala huku na huku. Mvule ukipigwa randa upya ni wa manjano, halafu jua linaugeuza kahawia. Muuzaji akikataa usipige hata kona, muage kwa heshima uende yadi nyingine.

Kuhusu mvule, ujue mambo mawili. Ndani yake huwa kuna mawe meupe ya chokaa yaliyojitengeneza mtini, na yatakulia meno ya msumeno bila kukupa dalili. Na vumbi lake huwasha pua na kifua, kwa hiyo hicho kibaraza chako kisifungwe, na uvae barakoa ya vumbi ya kweli, si kitambaa.

Sasa unyevu. Hapa ndipo meza nyingi za mjini huharibikia. Mbao iliyotulia ndani ya nyumba ya Nairobi huwa na unyevu wa karibu asilimia 12. Ile ya yadini, iliyonyeshewa au iliyokatwa juzi, inaweza kuwa mara mbili ya hapo au zaidi. Ukitengeneza meza leo, ubao utaendelea kukauka sebuleni kwa mteja, upana utapungua, na viungo vitaachana. Urefu hauna shida, karibu haubadiliki. Upana ndio unaosonga.

Bila kipima unyevu unaweza kupima hivi. Mwombe muuzaji akukatie kipande chembamba cha ubao, lakini kisitoke nchani, maana ncha hukauka kwanza na itakudanganya. Ingia futi moja ndani. Kipime kwa mizani ya jikoni saa hiyo hiyo, au ukifunge kwenye karatasi ya nailoni ukipime nyumbani. Kisha kiweke kwenye ovena, moto wa nyuzi 100 na kidogo, ukikitoa na kukipima mara kwa mara mpaka uzito ukome kushuka. Tuseme kilikuwa gramu 500 na kimebaki 430. Kilichopotea ni 70. Gawanya 70 kwa 430, utapata kama asilimia 16. Ubao huo bado, ila si mbaya. Ukiupanga vizuri ndani utafika. Ukipata 30, hiyo si mbao ya kazi, hiyo ni ya kupanga na kusubiri. Muuzaji atalalamika kukatiwa ubao wake, kwa hiyo mwambie utalipia hicho kipande.

Vipimo navyo. Hapa kwetu tunanunua kwa futi ya urefu: nane kwa mbili (yaani upana inchi nane, unene inchi mbili) futi kadhaa, sita kwa moja futi kadhaa. Ukienda kwa wauzaji wa mbao za nje watakuhesabia kwa futi ya ubao, yaani futi moja kwa futi moja kwa inchi moja ya unene. Usilinganishe bei hizo mbili kabla hujazigeuza. Futi moja ya urefu ya nane kwa mbili ni futi ya ubao moja na theluthi. Ubao unaoonekana rahisi kwa hesabu moja unaweza kuwa ghali kwa hesabu nyingine. Bei yenyewe sitaitaja hapa, inabadilika na lori linavyoingia.

Meza yako ya upana wa inchi 36, ukinunua nane kwa mbili, ukinyoosha kingo utabaki na inchi saba, saba na nusu. Nunua sita za futi saba kila moja. Tano zinaweza kutosha, ya sita ni ya kuziba pale utakapokuta ufa au fundo bovu. Na ununue mbili kamili, usikubali moja na nusu, kwa sababu mbao nyingi zimepasuliwa kwa pawasoo na unene unapanda na kushuka. Kufikia uso umenyooka pande zote mbili, nusu inchi imeshaondoka.

Kuhusu wizi wa msituni, nafurahi umeuliza, na namheshimu mteja wako. Mbao ikisafirishwa lazima iwe na kibali cha usafirishaji cha Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Omba kukiona, na omba risiti iandikwe jina la mti, si "mbao" tu. Mueri, muhugu, mutarakwa, miti hiyo ya misitu asilia ukiiona mibichi yadini, kimbia. Mueri unalindwa hata na mkataba wa CITES wa biashara ya kimataifa, na mwaka 2022 mkataba huo uliongeza mkangazi, mkongo na mninga wa Afrika. Haina maana kwamba kuuza ni kosa. Maana yake ni kwamba ukivuka mpaka na mti huo lazima uwe na karatasi, na wewe mnunuzi una haki ya kuuliza karatasi hizo.

Lakini mteja wako amesema mti wa hapa kwetu. Basi kwa nini tumfuate mti wa Congo? Ningekuwa wewe ningemtengenezea mukima.

Najua watu wanaudharau. Mukima, grevilia, ule uliopandwa kwenye mipaka ya mashamba Kiambu, Murang'a, Kirinyaga, Embu, ukizipa kahawa na chai kivuli. Asili yake ni Australia, lakini umeishi kwetu kiasi kwamba hakuna shamba la mlimani lisilo nao. Wanaoudharau wameuona ukiwa mchanga, umekatwa ukiwa mwembamba kama mguu wa mtu, umepasuliwa ovyo na kupigiliwa ukiwa mbichi. Hapo utajikunja, ndiyo. Tafuta mti mzee, kipenyo cha inchi 14 kwenda juu, na uchukue kipande cha chini tu. Wakulima wetu hupogoa matawi kila baada ya muda kwa ajili ya kuni, kwa hiyo sehemu ya juu ni vifundo vitupu. Chini ndiko kuna mbao safi.

Halafu mwambie mwenye mashine apasue kwa kuelekea kiini cha gogo, si kukata slabu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Utapoteza mbao kidogo. Lakini ule uso utakaoupata, una mabaka yanayometa ukipita mwanga, na ukiupaka mafuta kidogo watu watakuuliza mti huu umetoka nchi gani. Mimi nimeona wateja wakipitisha mkono juu yake wasiamini ni ule mti ulio nje ya nyumba yao ya kijijini. Vaa mikono mirefu tu unapopiga msasa, vumbi lake huwawasha watu wengine ngozi.

Na karatasi zake ni rahisi kufuatilia. Unamjua mkulima, unaliona shina. Marufuku ya ukataji miti ya mwaka 2018 ilihusu misitu ya serikali na ya jamii, na hata katika miaka hiyo yote mpaka tangazo la kuiondoa Julai 2023, mashamba ya watu ndiyo yaliyotulisha sisi mafundi. Kibali cha kusafirisha bado unahitaji, ila hakuna fumbo la mti umetoka wapi.

Ukitaka kitu cha hadhi zaidi, kuna muuru, ambao madukani wanauita Meru oak. Huo ni wa Kenya hasa, miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Rangi ya kahawia iliyopauka, na kwa ukoo ni ndugu wa mtiki. Hutulia vizuri ukikauka. Wapo wakulima Meru, Chuka na Embu walioupanda mashambani. Uliza huo wa shambani, na uulize karatasi mara mbili, kwa sababu msituni pia upo.

Mwana wa Makueni:

Mzee ameeleza, shikamoo zake. Dada, mimi naongeza mti mmoja ambao Nairobi watu hawauulizi: mukau.

Kwetu Ukambani mukau ndio mti wa milango na vitanda vya harusi. Ni wa jamii moja na mahogany na mwarobaini, moyo wake ni mwekundu wa kahawia, na mchwa hauugusi. Angalia neno moyo. Ile sehemu nyeupe ya nje inaliwa na wadudu kama mti mwingine wowote, kwa hiyo mwambie muuzaji aitoe, au ukinunua nayo usiihesabu.

Zamani watu waliukata porini mpaka ukaanza kupotea, na kuupanda kulikuwa kazi ngumu. Mbegu iko ndani ya kokwa gumu. Lazima ulipasue bila kuijeruhi mbegu, uichune ngozi kidogo, ndipo iote. KEFRI, ile taasisi ya utafiti wa misitu, kupitia kituo chao cha Kitui na kwa msaada wa Wajapani, wamefanya kazi kubwa ya kuchagua miti bora na kupata mbegu zinazokua haraka. Sasa kuna wakulima Kitui, Makueni na Mbeere wenye mashamba ya mukau, na kwenye ukame majani yake ni chakula cha mbuzi. Mti wa miaka 10 hadi 15 unatoa mbao. Mama yangu anayo kwenye mpaka wa shamba na hataki mtu auguse mpaka unene utoshe, na mimi namuunga mkono kabisa.

Shida yake kwako ni upana. Miti ya shambani haijawa minene, mbao nyingi utakazopata ni sita kwa moja au sita kwa mbili. Uso wa futi tatu utakuwa na viungo vingi. Lakini kwa miguu ya meza na mabenchi, sioni mti wa kuushinda. Ukienda Wote au Kitui mjini uliza mafundi wa milango kwanza, wao ndio wanaojua ni mkulima gani anakata mwezi huu. Wauzaji wa barabarani wataongeza bei wakisikia umetoka Nairobi. Wasalimie kwa Kikamba hata neno moja, itasaidia.

Kale ni Dhahabu:

Wengine tunanunua mbao zilizokauka kabla hatujazaliwa. Kilimani, Parklands, Westlands, nyumba za zamani zinabomolewa kila siku kupisha magorofa. Ndani yake kuna milango ya mvule, fremu za mtiki, na sakafu za vibao vya muhugu, mti ambao leo huwezi na hupaswi kuukata Karura wala Ngong. Ongea na msimamizi wa ubomoaji mapema, kabla tingatinga halijaingia. Likishaingia ni kuni.

Pita na sumaku juu ya kila ubao kutafuta misumari iliyofichika. Msumari mmoja uliokatika kichwa unaharibu visu vyote vya plena, ile mashine ya kupiga randa. Angalia pia vitundu vidogo vya bungua. Ukigonga ubao na unga ukatoka, ni mpya, wadudu wako ndani, achana nao. Vitundu vikavu visivyo na unga mara nyingi ni vya zamani.

Kwa meza nzima hutapata kipimo kimoja. Kwa mabenchi, utapata.

RandaKahawa:

Asanteni sana, wote. Mzee wangu, nimeongea na mteja jana jioni. Nilipomtajia mukima alinyamaza, halafu akasema baba yake alipanda mistari miwili Kirinyaga na bado ipo. Anataka meza itoke kwenye mti wa huko. Kuna mmoja ulioangushwa na upepo, ndugu yake ameupima, kipenyo cha inchi 17 chini. Miguu na mabenchi nitafuata ushauri wa ndugu yangu wa Makueni, nitumie mukau.

Sasa naomba maelekezo. Mti umeanguka karibu mwezi mmoja. Je, umeshaharibika? Na nikiupasua, nitaukaushaje bila ovena kubwa ya kiwanda, na nimwambie mteja asubiri muda gani?

Fundi wa Ngong Road:

Mwezi mmoja haujaharibika, lakini usiuache hapo. Gogo lenye gome, lililolala chini, ni karamu ya wadudu, na ncha zinapasuka kila siku. Wambie leo wapake ncha zote mbili rangi yoyote ya mafuta iliyobaki, nene, na waliinue juu ya mawe.

Kuhusu kibali, huyo ndugu yake aanzie kwa ofisi ya misitu ya huko kabla gari halijatafutwa. Msije mkashikwa njiani na mti wenu wenyewe.

Wakipata mashine ya msumeno wa ukanda ni afadhali kuliko pawasoo, haili mbao nyingi. Wapasue inchi mbili na robo. Kipande cha kiini chenyewe, kile cha katikati kabisa, kisiingie kwenye meza, kitapasuka tu.

Ukizipokea, zipange kwenye kibaraza, si chini ya jua. Chini weka matofali, kisha ubao, kisha vijiti vya unene mmoja kila futi moja na nusu, kisha ubao mwingine, na vijiti vyote vikae wima kimoja juu ya kingine. Kijiti kikienda kando, ubao utapinda pale pale. Juu weka uzito: mawe, magogo, chochote. Upepo upite katikati.

Watu husema mwaka mmoja kwa kila inchi. Kwa inchi mbili ungengoja miaka miwili, na mteja wako amestaafu, anataka kula mezani. Fanya hivi: miezi kadhaa kibarazani mpaka ubao wa majaribio uache kupungua uzito, halafu ziingize ndani ya nyumba unamoishi, upange vile vile, na uendelee kupima. Au uliza KEFRI. Makao yao makuu ni Muguga na wana kituo cha mazao ya misitu pale Karura, wanajua nani ana tanuri ya kukaushia. Ukikausha kwa tanuri, pima mwenyewe bado. Kuna mahali niliwahi kuuziwa mbao za "tanuri" ambazo katikati zilikuwa zinatoka jasho. Mwambie mteja ukweli, kwamba mti wa baba yake hauharakishwi. Mabenchi ya mukau unaweza kumpelekea kwanza.

Ukiunganisha uso, usiugongomee misumari kwenye fremu. Uso wa futi tatu unaweza kutanuka na kusinyaa robo inchi kati ya kiangazi na masika. Chonga mfereji ndani ya fremu, uweke vishikio vya mbao vinavyoteleza humo, uso uwe huru kwa upana.

Na kama utafika kwenye gundi mwezi wa saba, karakana ya mabati hupoa sana usiku, na gundi nyeupe haishiki vizuri joto likishuka kuelekea nyuzi 10. Gundisha asubuhi jua likishapanda, na mbao ziwe zimelala ndani usiku uliotangulia.